Ishara Kutoka Chini ya Kifusi

Kitoa-ishara cha maporomoko ya theluji ni redio ndogo, nene kidogo kuliko simu ya mkononi, inayofungwa kifuani kwa mikanda na mtu anayesafiri kwa mbao za kuteleza katika milima isiyo na walinzi. Safari nzima chombo hicho hutoa mpigo wa sumaku takriban kila sekunde. Theluji ikiporomoka na kumfukia mmoja wa wasafiri, wenzake walio juu hugeuza vyombo vyao viache kutoa na vianze kupokea, kisha huufuata mpigo wa mwenzao hadi mahali alipolala. Wakati huo aliyefukiwa hana tena la kufanya. Akiokoka, ameokolewa na uamuzi alioufanya asubuhi, alipokiwasha chombo na kuhakikisha kwamba wenzake wanakisikia.

Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, hakuna theluji. Ipo ardhi ambayo watu huishukia kila siku kutafuta almasi na dhahabu, na ardhi hiyo nayo hufukia. Ndiyo maana chombo cha watu wa milima ya baridi kinastahili kutazamwa kwa makini kutoka huku: kina mafunzo ambayo wachimbaji wa Shinyanga na Geita wanayahitaji, na kina mipaka ambayo wanapaswa kuijua kabla ya kutoa fedha zao.

Chombo hiki kilizaliwa Marekani mwaka 1968, kwa jina la Skadi, kikitumia mawimbi ya kilohezi 2.275. Baadaye watengenezaji walihamia kilohezi 457, na tangu katikati ya miaka ya 1990 masafa hayo ndiyo kipimo cha wote. Faida yake ni kubwa: chombo cha kampuni moja humsikia mtu aliyevaa chombo cha kampuni nyingine. Mwaka 1997 kikaja cha kwanza cha kidijitali, kinachoonyesha mshale wa mwelekeo na namba ya umbali badala ya kumwachia mtafutaji kazi ya kupima kwa sikio ukubwa wa mlio.

Anayekichagua huanza na antena. Vyombo vya zamani vilikuwa na moja tu. Mtafutaji alilazimika kukizungushazungusha mkononi na kusikiliza ni upande upi mlio unapanda. Antena mbili ziliwezesha mshale. Antena ya tatu iliondoa kosa la hatari zaidi: chombo kumpotosha mtafutaji akiwa karibu kabisa na aliyefukiwa kwa kina, kikamwonyesha kilele cha ishara mahali pasipo na mtu. Leo hakuna sababu ya kununua chenye antena pungufu ya tatu.

Baada ya antena huja upeo wa kusikia. Watengenezaji hutaja mita 40 hadi 70. Namba hiyo huamua upana wa ukanda ambao mtafutaji mmoja anaweza kuupekua kwa mwendo mmoja, lakini haitoi ahadi. Nguvu ya sumaku hushuka haraka mno: umbali ukiongezeka mara mbili, kinachofika ni sehemu moja ya nane tu. Chombo kinachosikia mbali kidogo kuliko kingine humfaidisha mtu kwa sekunde chache. Kinachoeleweka na mikono inayotetemeka humfaidisha kwa dakika nzima. Kwa sababu hiyo wakufunzi wengi humshauri anayeanza achague chenye swichi moja kubwa, kioo kinachosomeka juani, na kitufe kimoja cha kumweka alama mtu aliyekwisha kupatikana ili chombo kimwendee wa pili. Kazi nyingi za ziada humfaa mwokoaji wa kazi hiyo, mwenye muda wa kujizoeza.

Mengine ni madogo kwa maelezo, ila huua yakipuuzwa. Betri ziwe za aina aliyoitaja mtengenezaji, kwa kuwa chombo hukadiria chaji iliyobaki kwa kufuata aina hiyo. Simu ikae walau sentimita 20 kutoka kwenye chombo kinachotoa ishara, na sentimita 50 kikiwa kinapokea, maana umeme wake huvuruga usikivu. Kabla ya kuondoka, kila mmoja hupita mbele ya mwenzake na kusikilizwa. Tena chombo peke yake hakimtoi mtu. Humfikisha mtafutaji kwenye eneo la hatua chache. Hapo kinahitajika ufito mrefu wa kukunja, unaochomwa chini hadi uguse mwili, na beleshi la kuchimbia. Vitu hivyo vitatu huhesabiwa kama kimoja, na anayebeba kimoja bila viwili ni sawa na aliyekwenda mikono mitupu.

Haraka yote hiyo ina sababu iliyopimwa. Uchunguzi wa Uswisi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba watu 92 kati ya 100 waliofukiwa walikuwa hai dakika ya 15. Dakika ya 35 walibaki 30 tu. Uchunguzi mpya wa mwaka 2024, nao wa Uswisi, umeufupisha muda wa kwanza hadi dakika 10. Kikosi cha uokoaji kutoka mjini hakifiki kwa dakika kumi. Anayeweza kufika ni yule aliyekuwa akitembea nyuma ya aliyefukiwa. Hivyo kuchagua chombo ni kuchagua pia wenzako, kwa kuwa chombo kilicho kifuani mwako hutumiwa na wao.

Sasa hesabu hiyo ishushwe hadi Shinyanga. Maporomoko yanayofanana zaidi na ya theluji yalitokea ndani ya Wilaya ya Kishapu yenyewe, Mwadui, penye mgodi wa almasi uliotokana na ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940. Novemba 7, 2022 ukuta wa bwawa la kuhifadhia tope la mgodi huo ulibomoka, tope likatiririka na kufunika mashamba na makazi ya jirani. Mali iliharibika, ila hakuna aliyepoteza maisha. Kwingine kanda ya ziwa haikupata neema hiyo. Januari 13, 2024, mvua zikiwa nyingi, machimbo ya Ng'alita wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, yaliporomoka na kuua watu 22. Agosti 11, 2025, Nyandolwa, Wilaya ya Shinyanga, watu 25 walifukiwa katika mgodi wa kikundi cha Chapakazi wakati maduara, yaani mashimo ya kushukia chini kuchimba, yakikarabatiwa, na kazi ya kuwatafuta ikachukua siku nyingi.

Kifusi cha duara hakifanani na theluji kwa mambo mawili, na yote mawili hubadilisha uchaguzi wa chombo.

La kwanza ni namna ya kufukiwa. Mchimbaji huweza kulaliwa na udongo mwili mzima, kama wakati ukingo wa shimo la wazi unapoanguka. Huyo hesabu yake ni ya dakika, sawa na ya aliye chini ya theluji. Anaweza pia kubaki mzima ndani ya uwazi, njia ya kutokea ikiwa imezibwa. Huyo hesabu yake ni ya siku. Oktoba 5, 2015, katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, wachimbaji sita walifungiwa chini kwa namna hiyo. Mmoja alifariki. Watano walitolewa hai Novemba 15, baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa maji yaliyodondoka kwenye mwamba, mizizi, vyura na wadudu. Walipatikana kwa sababu wachimbaji wenzao walisikia sauti zao. Siku 41 watu watano walikuwa hai chini ya miguu ya wenzao, na kilichowatenga na dunia kilikuwa kukosekana kwa njia ya kusema, "Tupo."

La pili ni ardhi yenyewe. Theluji kavu huyapitisha mawimbi ya kilohezi 457 karibu bila kuyazuia. Udongo wenye maji hupitisha umeme, na kila kinachopitisha umeme huyameza mawimbi. Ndani ya graniti kavu, mawimbi hayo huweza kwenda mita ishirini na kitu kabla nguvu yake haijashuka hadi karibu theluthi. Ndani ya mfinyanzi uliolowa, kama udongo mweusi wa mbuga unaoenea sehemu kubwa ya Kishapu, mita tano au pungufu hutosha kuyadhoofisha kwa kiasi hicho hicho. Udongo huohuo ndio unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, ukazilegeza kuta za mashimo. Kwa maneno mengine, ardhi inayofukia kwa wepesi ndiyo inayozima ishara kwa wepesi. Simu ya mkononi, ambayo mawimbi yake yana masafa ya juu mara maelfu, hunyamaza mapema zaidi.

Kutokana na hayo, hukumu juu ya kitoa-ishara cha theluji ni hii. Kwa wanaofanya kazi kando ya kuta za mashimo ya wazi au chini ya malundo ya mchanga, ambako kifusi hakizidi mita chache na wenzao wapo hapohapo, chombo cha kilohezi 457 kingeweza kusaidia kuonyesha pa kuchimba. Kwa duara la mita 50 au 100 hakifai. Bei yake huko Ulaya na Marekani ni kati ya dola 300 na 500, na kikundi cha wachimbaji wadogo kinacholenga maduara marefu kitakuwa kimenunua matumaini ya bure.

Vipo vyombo vilivyobuniwa kwa ajili ya mwamba. Kanuni yao ni kushusha masafa: mawimbi ya kilohezi mbili hivi huweza kupita mita themanini ndani ya mfinyanzi ambao ungeyadhoofisha yale ya 457 kwa mita tano. Gharama ya kina hicho ni ukubwa na uchache wa maneno. Antena huwa waya mrefu uliozungushwa juu ya ardhi, na ujumbe unaopita ni mfupi mno. Marekani ilipata msukumo wa kuvitaka baada ya Januari 2, 2006, mlipuko ulipowafungia wachimbaji 13 katika mgodi wa makaa ya mawe wa Sago, West Virginia. Walipokezana nyundo wakigonga vyuma vya dari, lakini juu hapakuwa na chombo cha kuwasikiliza, na 12 walikufa. Katikati ya mwaka huohuo ilipitishwa sheria inayoutaka kila mgodi wa makaa wa chini ya ardhi uwe na njia ya mawasiliano na ya kufuatilia walipo watu baada ya ajali.

Mgodi mdogo wa Geita au Shinyanga hauwezi kuanzia hapo, wala hauna haja. Kwa mpangilio wa gharama na manufaa, njia za kupatikana zinazoufaa ni nne.

Ya kwanza ni hesabu ya watu. Kila anayeshuka duarani awe na vibao viwili vyenye namba moja: kimoja akining'inize kwenye ubao ulio mdomoni mwa duara, cha pili ashuke nacho. Akipanda, hukiondoa kile cha juu. Ajali ikitokea, msimamizi anautazama ubao na kusema bila kubahatisha ni wangapi wako chini, ni nani, na wa duara lipi. Migodi mingi duniani imeutumia utaratibu huu kwa vizazi, na gharama yake ni bati, msumari na nidhamu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Duarani methali hiyo huwa nzito mno, kwa maana aliyeshuka bila jina lake kubaki juu huenda asitafutwe kabisa, au wenzake wakahatarisha maisha kumtafuta mtu aliyekwisha kuondoka kwenda kula.

Ya pili ni bomba. Januari 26, 2017, wachimbaji 15, Watanzania 14 na Mchina mmoja, walifungiwa chini ya mgodi wa RZ huko Nyarugusu, Geita. Ujumbe wa karatasi ukapita kwenye bomba jembamba, na kwa njia hiyohiyo wakapelekewa chakula. Januari 29 wote 15 walitoka wakiwa hai. Bomba la chuma au la plastiki ngumu, lililofungwa kwenye ukuta wa duara tangu mwanzo na kufika hadi sehemu za kazi, hupitisha hewa, maji, uji na sauti. Halitumii betri. Ni chombo cha mawasiliano ambacho pia hulisha.

Ya tatu ni kugonga. Ndani ya mwamba mzima sauti husafiri kilomita kadhaa kwa sekunde, zaidi ya mara kumi ya kasi yake hewani. Ndani ya kifusi kilicholegea hufifia baada ya hatua chache. Kwa hiyo aliyefungiwa hugonga mwamba mzima, bomba au chuma kilichopigiliwa mwambani, wala hagongi rundo la udongo lililomzibia njia. Wachimbaji wa makaa wa Marekani hufundishwa kugonga mara kumi kwa nguvu, kupumzika dakika 15, kisha kurudia. Milipuko mitano kutoka juu ndiyo jibu kwamba wamejulikana walipo. Namba zenyewe kila mgodi unaweza kujiwekea zake. La lazima ni kwamba wa chini na wa juu wawe wamekubaliana kabla, ili ugongaji wa binadamu mwenye pumzi utofautishwe na jiwe linalodondoka.

Ya nne ni ukimya, ambao watu huusahau kuwa ni chombo. Mdomo wa duara lililoanguka hujaa kelele mara moja: karasha la kusaga mawe, kompresa, pampu za maji, pikipiki zinazoleta ndugu, vilio na amri zinazogongana. Sauti dhaifu kutoka chini haiwezi kushinda yote hayo. Msimamizi mwenye busara huzima mitambo ya jirani, huusogeza umati mbali, humwacha mmoja aweke sikio kwenye bomba au kwenye mwamba, na hurudia kila baada ya muda aliouweka. Jambo hilo halitaki hata senti moja. Linataka mtu mmoja anayeheshimiwa kiasi cha kuunyamazisha umati wenye uchungu.

Zote nne zina sharti linaloshikiliwa pia na wasafiri wa theluji: mazoezi. Kitoa-ishara kisichowahi kuzikwa kwa makusudi na kutafutwa hubaki pambo kifuani. Ubao wa namba usiokaguliwa kila zamu hudanganya, na uongo wake hujulikana siku ambayo kila namba ni mtu. Mgodi ungefanya vema kutenga saa moja kila mwezi: mtu mmoja ajifiche kwenye mkondo salama na kugonga, wenzake juu wamtafute kwa sikio, ubao usomwe, bomba lipulizwe. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe kwa rangi karibu na ubao, na anayepiga awe anajua kulitaja duara kwa jina, kijiji na barabara ya kufikia.

Lipo la mwisho ambalo wasafiri wa theluji walilijifunza kwa gharama kubwa. Mtu aliyevaa chombo kizuri hushawishika kupita kwenye mteremko ambao bila chombo angeukwepa. Walimu wao hurudia kwamba chombo hutumika baada ya uamuzi mbaya kwisha kufanyika, na kwamba uamuzi wenyewe hufanywa kwa kuitazama theluji. Duarani vivyo hivyo: matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta, yaliyokazwa vizuri, nguzo za mwamba zilizoachwa bila kuchokonolewa kwa tamaa ya mawe yake, kutoshuka baada ya mvua kubwa mpaka kuta zikaguliwe, na kutii katazo la mkaguzi wa migodi hutangulia kila kitoa-ishara. Hakuna bomba linalomponya aliyeangukiwa na dari ambayo wote waliiona imepasuka.

Hata hivyo, dari nyingine hupasuka bila kuonekana, na kwa siku hiyo maandalizi yanadaiwa. Mmiliki wa leseni, mwenye duara na kiongozi wa kikundi wanaopanga bajeti ya mwezi ujao wanaombwa waanze na vibao vya namba na bomba kabla ya kuongeza karasha la pili. Na kijana wa Mhunze anayeshuka kesho asubuhi kwa mara ya kwanza ana haki ya kumwuliza msimamizi wake swali moja kabla ya kuishika kamba: "Nikifukiwa, mtajuaje nilipo?" Asipopewa jibu, asishuke.